Virusi Ndivyo Vinavyokuwa Sugu, Si Mwili Wako

"Mwili wangu umeshazizoea hizi ARV." Hapana. Mwili hauzoei, vinavyobadilika ni virusi. VVU hujinakili haraka na kwa makosa mengi. Dawa ikiwa ya kutosha kwenye damu, vyote vinabanwa. Ikipungua, vile ambavyo kosa lake limevisaidia kuikwepa ndivyo vinavyobaki na kuzaana. Mtu anaweza hata kuambukizwa virusi ambavyo tayari ni sugu, kabla hajameza kidonge kimoja.

"Dawa zikikaribia kuisha, meza leo, ruka kesho, zifike mbali." Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na ndio unaonitia hofu zaidi. Kuruka ruka kunaacha dawa kidogo tu mwilini, na hapo ndipo usugu unapopata nafasi. Tazama efavirenz, ARV inayomezwa pamoja na nyingine mbili: inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko dawa inazoambatana nazo. Ukikatiza, kwa siku kadhaa virusi vinapambana na dawa moja badala ya tatu, na badiliko moja tu la vinasaba linatosha kuishinda. Meza dozi kamili, na ukaseme kliniki mapema, vidonge vikiwa bado vipo.

"Dolutegravir haishindwi." ARV hii inayotumiwa sana sasa ni imara kweli, lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2024 ilionyesha tafiti nne zilizokuta usugu dhidi yake wa kati ya 3.9% na 8.6% miongoni mwa wanaoitumia ambao virusi vyao havijadhibitiwa. Kwa waliohamishiwa dawa hiyo wakiwa na virusi vingi, ulifika 19.6%.

"Kipimo cha wingi wa virusi kimepanda, basi nibadilishiwe dawa." Pengine si usugu. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vikimezwa pamoja na dolutegravir tumbo likiwa tupu, au dawa za kiungulia zenye alumini au magnesiamu zikimezwa nayo hata baada ya chakula, huizuia isifyonzwe vizuri. Rifampicin, dawa ya kifua kikuu, huipunguza mwilini, kwa hiyo dozi ya dolutegravir huongezwa iwe mara mbili kwa siku. Na wengi, wakisaidiwa kumeza vizuri kwa miezi mitatu hivi, virusi hushuka kwa dawa zilezile. Pale ambapo baada ya dawa za mstari wa pili, yaani zile za kubadilishiwa za kwanza zikishindwa, hakuna kingine kabatini, kuharakisha kubadilisha ni hasara kubwa.

Ndiyo maana namsihi mtoa huduma asimgombeze anayekiri kukosa dozi. Akigombezwa leo, mwezi ujao atasema amemeza zote, naye atanyang'anywa dawa ambayo ilikuwa bado inafanya kazi.