Saruji haiokoi ukuta wa zamani

Hapa Kisumu, ukumbi wa zamani wa mawe na matofali ukianza kumeguka, utasikia: "Upigwe plasta ya saruji upate nguvu." Dhana hii imekaa miaka mingi, na si sahihi kwa kuta zilizojengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini kuliko tofali, na ndivyo inavyotakiwa. Unyevu unaopanda kutoka msingini hutoka nje kupitia viungo vya chokaa vilivyo kati ya matofali. Ukuta ukicheza kidogo, kinachopasuka ni chokaa, si tofali. Saruji huziba njia hiyo. Maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, uso wa tofali ukaanza kubanduka. Rangi ya plastiki nayo ni yale yale, ingawa wenye maduka hawatapenda kusikia. Viungo vilivyolika vijazwe chokaa na mchanga.