Kabla ya kuuliza gari la umeme linajaa kwa saa ngapi, uliza linalala wapi

Kazi yangu ni kutandaza nyaya za umeme majumbani hapa Mwanza. Tangu watu wa huku waanze kuagiza kutoka Japani magari ya umeme yaliyokwisha kutumika, karibu kila anayenipigia simu kuhusu gari hilo huanza na swali lile lile: linachukua saa ngapi kujaa? Namwelewa, kwa kuwa amezoea kituo cha mafuta, ambako dereva husimama dakika chache, akalipa na kuondoka. Gari la umeme, hata hivyo, humfaa zaidi yule anayelichaji kama anavyochaji simu yake, yaani usiku, akiwa amelala na gari limetulia uani. Ndiyo maana nami humuuliza kwanza: gari lako linalala wapi?

Tupige hesabu. Mkazi wa Buhongwa anayewashusha watoto shuleni, akafika kazini katikati ya jiji na kurudi jioni kwa kupitia sokoni, kwa kawaida hazidishi kilomita 40 kwa siku. Gari kama Nissan Leaf hutumia takriban uniti 15 hadi 18 kwa kilomita 100, kwa hiyo mizunguko hiyo itakula kama uniti saba, na ukiongeza umeme unaopotea kama joto wakati wa kuchaji, tuseme nane. Soketi ya ukutani ikitoa ampea 10 kwa volti 230, hiyo ni kilowati 2.3, yaani uniti 2.3 kwa kila saa, gari lililochomekwa saa tatu usiku litakuwa limerudisha uniti zake zote kabla ya saa saba, na mwenye gari bado ana usingizi wa kutosha mbele yake. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ambapo shilingi 1,000 hutoa uniti 2.8 hivi, uniti nane hazifiki shilingi 3,000. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita lingetaka lita tatu na ushee kwa safari hiyo hiyo. Zidisha mwenyewe kwa bei ambayo EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Kuna jambo moja la LUKU ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Nyumba iliyo kwenye bei ya chini, ile ya wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, haiwezi kubaki humo ikiwa na gari la umeme, kwa sababu gari peke yake litakula uniti zipatazo 200. Ni vema hesabu ya familia ifanywe kwa bei ya kawaida tangu mwanzo. Vilevile, uniti zikiisha usiku wa manane, gari huacha kuchaji kimyakimya, na utagundua asubuhi watoto wakiwa wameshavaa sare.

Kuhusu umeme kukatika, hofu ni kubwa kuliko tatizo lenyewe. Betri ya uniti 40 iliyojaa hubeba mizunguko ya siku tano ya aina niliyoitaja, kwa hiyo usiku mmoja wa giza hauzuii safari ya kesho. Mwenye Leaf ya zamani, ambayo betri yake ya uniti 24 imeshachoka, ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi. Huyo pia asitarajie kufika Shinyanga, kilomita 160 na zaidi, bila kusimama mahali akachaji.

Sasa nije kwenye jambo linalonishughulisha kuliko yote, nalo ni miamba. Chaja ya gari, kabla ya kuruhusu umeme upite, huchunguza kwanza kama nyumba ina ethi, yaani waya na nondo iliyozikwa ambayo hupeleka ardhini umeme uliovuja. Chaja nyingi zisipoiona hukataa kabisa na kuwasha taa nyekundu. Jiji letu limejengwa juu ya mawe, na katika vilima vyake nimekuta nondo za ethi zilizogonga mwamba kwenye nusu mita, kisha fundi akazikata kwa msumeno na kufukia kipande kilichobaki. Taa, televisheni na jokofu huendelea kufanya kazi, kwa hiyo familia hukaa miaka kumi bila kujua kwamba haina kinga. Gari ndilo huja kufichua. Mteja mmoja alikuwa ameshaamini kwamba ameuziwa gari bovu. Nilipopima ethi yake, ukinzani ulikuwa mkubwa mno, na dawa ikawa kushuka chini ya kiwanja, penye udongo unaoshika unyevu, tukazika nondo kadhaa zilizounganishwa kwa waya wa shaba hadi kwenye meinswichi. Gari likachaji usiku ule ule. Nawasihi wenye nyumba za milimani wapime ethi kabla gari halijatoka bandarini, na wasikubali fundi anayewashauri kuidanganya chaja, kwa maana anayeondoa kinga hiyo anahatarisha uhai wa mtoto atakayeligusa gari akiwa pekupeku.

Soketi nayo ina mipaka. Kupiga pasi ni dakika chache, lakini gari huvuta mzigo ule ule kwa saa nyingi mfululizo, na plagi iliyolegea hupata joto hadi ikayeyuka. Gari lipewe laini yake peke yake kutoka kwenye meinswichi, yenye breka yake na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Ekstensheni iliyoviringishwa isitumike kamwe. Soma pia maandishi kwenye boksi la kebo iliyokuja na gari: kebo iliyotengenezwa kwa volti 100 za Japani haifai kuchomekwa kwenye 230 zetu.

Mvua hainitishi, kwa kuwa umeme haupiti katika mdomo wa kebo mpaka gari na chaja vimekubaliana, ilimradi soketi na boksi vimefunikwa. Radi za ziwani ni suala jingine, hasa zile za alfajiri. Mimi hufunga kizuia radi kwenye meinswichi, na usiku wa ngurumo nzito huchomoa kebo.

Wanaobaki ni wapangaji wanaochangia LUKU moja, na kwao swali la gari kulala wapi ndilo gumu zaidi. Submita, yaani mita ndogo ya kupima umeme wa gari pekee, iliyofungwa kwa makubaliano na mwenye nyumba, huondoa ugomvi wa nani kamaliza uniti za nani. Pasipowezekana hivyo, mwajiri mwenye uwanja wa kuegesha magari aombwe soketi moja iliyofungwa vizuri, kwani gari hukaa hapo saa nane kila siku bila kazi yoyote.