Gari likizima barabarani, niambie limezimaje kabla hujanunua koili

Gari liliingia gereji kwangu hapa Nyakato, Mwanza, likivutwa kwa kamba, nyuma magunia sita ya dagaa. Mwenye gari ni mama wa makamo ambaye huchukua mzigo Mwaloni Kirumba na kuupeleka Magu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili gari litaniua."

Hakuwa anatia chumvi. Lilikuwa limemzimia Kisesa katikati ya kulipita lori, na gari jingine linakuja mbele yake. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki moja. Kabla ya kuletwa kwangu alishabadilishiwa pampu ya mafuta na chujio, akalipa, akaondoka, likazima tena.

Sikufungua boneti. Nilimuuliza, "Mama, lilizimaje?"

"Lilizima tu, fundi."

"Lilikohoa kwanza, likavutavuta, au lilikata mara moja?"

Akafikiri. "Lilikata kama umeme wa nyumbani. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, injini kimya. Nikakaa chini ya mti kama nusu saa, nikawasha, likawaka kama halijawahi kuugua. Kilomita kumi mbele, likazima tena."

Maneno hayo yalinipa nusu ya kazi. Pampu inayochoka mara nyingi hukuaga: gari linakosa nguvu mlimani, linasita ukikanyaga mafuta, ndipo linazima. Kinachokata ghafla, kikapumzika, kikarudi, kwa kawaida ni kitu cha umeme kinachoharibika kikipata joto. Gari lake ni la zamani, lile lenye distribyuta, yaani kigawanyio cha umeme wa plagi, na koili moja inayolisha plagi zote nne. Kwa hiyo nilikuwa na washukiwa wachache tu, na koili ndiyo iliyotangulia.

Koili si kitu cha ajabu. Ni nyaya mbili za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Wa kwanza ni mnene, mizunguko yake mamia machache. Wa pili ni mwembamba kama unywele, na mizunguko yake ni maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri wa volti 12, au kama 14 injini ikiwa inazunguka, hupita kwenye waya mnene na kujenga usumaku. Umeme huo ukikatwa ghafla, usumaku unaanguka, na kuanguka kwake kunazaa kwenye waya mwembamba volti 20,000 hadi 40,000. Nguvu hiyo ndiyo inayoruka upenyo wa plagi, kama milimita moja tu, na kuwasha petroli. Michael Faraday alionyesha kanuni hiyo mwaka 1831, kabla hata gari la petroli halijabuniwa, na mpaka leo ndiyo hiyo hiyo.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, koili moja ya gari la yule mama inatoa cheche 100 kila sekunde. Inafanya hivyo ikiwa imebanwa karibu na injini ya moto, jua la saa nane juu, mzigo nyuma. Shaba ikipata joto inatanuka, na ukinzani wake unapanda kama asilimia 40 kwa kila nyuzi 100 za joto. Ule waya mwembamba ukiwa na ufa mahali, ncha zake hugusana ukiwa wa baridi na kuachana ukiwa wa moto. Varnishi inayoutenga nayo huzeeka na kupasuka, umeme ukapata njia ya mkato ndani kwa ndani. Ukipoa, kila kitu kinarudi mahali pake, ndiyo maana fundi anayepima gari asubuhi likiwa baridi atakuambia koili nzima. Hadanganyi. Amepima saa isiyo yake.

Nilimwomba mama aliache gari. Nikaliendesha mpaka likazima, na kwa bahati lilizima karibu, pale Igoma. Nikatoa mita papo hapo, mikono ikiungua. Upande wa waya mwembamba, uliokuwa umesoma ukinzani wa omu 11,000 asubuhi, sasa haukusoma kitu. Waya umeachia. Tulibadilisha koili, nikapanda nalo mlima wa Bugando mara tatu mchana, kiyoyozi kimewashwa, halikutetereka.

Lakini usichukue hadithi hiyo ukaipeleka kwenye gari lako la kisasa ukanunua koili. Magari mengi tunayoendesha Mwanza leo yana koili moja juu ya kila plagi. Koili moja ikifa kwenye injini ya silinda nne, gari halizimi, linamisi, yaani silinda moja haichomi. Linatetemeka kwenye foleni, linakosa nguvu ukipanda, petroli inanuka kwenye ekzosi, taa ya injini inawaka. Kwenye injini ya silinda tatu mtikisiko ni mkubwa zaidi maana umepoteza theluthi ya nguvu, na ukisimama njiapanda linaweza kuzima kabisa. Taa ya injini ikianza kumetameta badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na ulipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo: petroli isiyoungua inaenda kuungua kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi (katalitiki), na kuyayeyusha, na masega ni ghali kuliko koili zote nne ukizijumlisha.

Je, koili moja kati ya nne inaweza kuzima gari zima? Inaweza, na hapa ndipo nimeona watu wakiteseka sana. Njia ya kwanza ni fyuzi. Kwenye magari mengi koili zote hupata umeme kupitia fyuzi moja. Moja ikipiga shoti kwa ndani, fyuzi inaungua na zote nne zinakosa umeme kwa sekunde ile ile. Kijana mmoja wa teksi hapa Buzuruga alikuwa akibadilisha fyuzi ya ampea 15 kila baada ya siku mbili tatu. Mtu akamshauri aweke ya 30 ili "ivumilie". Fyuzi ikavumilia kweli. Waya ndio ulioyeyuka, ndani ya mkungu wa nyaya nyuma ya injini, na moshi ukaingia ndani ya gari akiwa na abiria wawili. Naomba sana, usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, wala usifunge waya mahali pa fyuzi. Tulichofanya ni kuchomoa soketi za koili zote, kuweka fyuzi sahihi, kuchomeka koili moja moja na kuipa kila moja muda wa kupata moto. Ya tatu ndiyo iliyoiunguza. Kazi ya saa moja na nusu.

Njia ya pili imo kwenye kompyuta. Baadhi ya magari ya Kijapani yana koili za waya nne: mmoja wa umeme, mmoja wa ethi, mmoja unaoleta amri ya kuchoma, na wa nne unaorudisha jibu kwamba cheche imetoka. Kompyuta isipopata jibu hukata petroli ili isimwagike bila kuungua. Kwa hiyo dereva anaona gari limekosa mafuta, na fundi asiyejua anabadilisha pampu, wakati tatizo ni waya wa jibu au koili.

Kwa magari haya mashine ya kusoma kodi, namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, inasaidia, ila isome kama unavyosoma dalili, usiisome kama hukumu. P0302 inasema silinda ya pili inamisi, haisemi koili yake imekufa. Mimi huhamisha koili ya pili kwenda ya tatu na kufuta kodi. Gari likirudi na P0303, ugonjwa umehama na koili, basi ni koili. Likirudi tena na P0302, iache koili ya watu, angalia plagi, injekta inayopulizia petroli, waya au mgandamizo wa silinda. Kipimo hiki hakina gharama yoyote na bado naona watu wakinunua koili nne kwa mpigo.

Kuna kipimo kingine kinachofanywa mno na sikipendi: kuchomoa koili juu ya plagi injini ikiwa inawaka ili kusikia kama mlio utabadilika. Volti 30,000 zikikosa plagi zinatafuta njia, na njia ya karibu ni ndani ya koili yenyewe, au mkono wako. Nimewakataza vijana wangu kabisa. Ukitaka kujua silinda ipi haifanyi kazi, chomoa soketi ya injekta yake.

Nikiulizwa nini kinaua koili, jibu langu la kwanza ni plagi. Plagi ikilika, upenyo wa milimita 1.1 unakuwa 1.5 au zaidi, na koili inalazimika kupandisha volti zaidi kila cheche, mchana kutwa. Unabadilisha koili, unaacha plagi chakavu, baada ya miezi michache unarudi. Cha pili ni oili inayovuja kutoka kwenye gasketi ya valvu kava na kujaa kwenye kisima cha plagi, ikaozesha mpira wa koili. Cha tatu ni maji.

Hilo la maji ni letu watu wa ziwani. Gari linaoshwa ufukweni, kijana anaelekeza mpira wa presha kwenye injini ili ing'ae, maji yanatuama kwenye visima vya plagi, kesho yake linamisi. Na wanaolaza magari nje karibu na ziwa, umande wa alfajiri huingia kwenye mpira uliopasuka. Angalia tofauti: gari la namna hii linasumbua asubuhi na kupona likipata moto, kinyume kabisa na lile la mama wa dagaa. Ukitaka kuliona kwa macho, usiku, mahali penye giza, washa injini na upulize ukungu mwembamba wa maji kuzunguka koili bila kugusa kitu. Umeme unaovuja utauona, vicheche vya buluu vinatambaa juu ya mpira.

Koili ikiwa nzima na gari bado linakata ghafla likipata moto, mtuhumiwa wangu wa pili ni sensa ya krenki, kifaa kinachohisi mzunguko wa injini. Bila yeye kompyuta haijui injini inazunguka, haichomi plagi wala haitoi petroli. Kwenye gari la kompyuta lenye gia za mkono ipo ishara nzuri: gari likiwa bado linabingirika kwenye gia, mshale wa mizunguko unaanguka sifuri papo hapo, ilhali magurudumu bado yanaizungusha injini. Halafu kuna swichi ya ufunguo, iliyochoka kwa kubeba rundo la funguo. Altaneta, ile inayochaji betri, ikifa hukupa taa ya betri kwanza, na taa za mbele zinafifia.

Likikuzimia ukiwa kwenye mwendo, usiuzungushe ufunguo mpaka mwisho wala usiuchomoe, usukani utajifunga. Usukani utakuwa mzito, ushike kwa mikono miwili. Breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili au tatu, kwa hiyo kanyaga mara moja, kwa uzito, usipigepige. Peleka gia nyutro, washa taa za hatari, toka kushoto nje ya lami. Kisha, ukishatulia, andika kwenye simu: saa ngapi, ulikuwa umeenda kilomita ngapi, lilikohoa au lilikata, taa ipi iliwaka kabla, liliwaka tena baada ya muda gani.

Ile koili ya mama nimeiweka kwenye rafu. Kijana mpya akija kujifunza, nampa mita apime ikiwa baridi: 11,000. Halafu tunaipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, polepole, dakika kama nane hivi, yeye akiwa ameshika ncha za mita na macho kwenye namba, mpaka namba zinapotea.