Nafasi Mbele ya Kiyoyozi Ni ya Fundi, Si ya Mashine

Nchini Marekani, kifungu cha 110.26 cha Kanuni ya Taifa ya Umeme (NEC), kinachodai nafasi ya kufanyia kazi mbele ya vifaa vya umeme, huzua ubishi karibu kila inapofungwa mashine ya kupoza au kupasha hewa. Ubishi wenyewe mara nyingi huanzia kwenye dhana kama hizi.

Dhana: Ukiacha nafasi iliyotajwa na mtengenezaji, umemaliza.

Ukweli: Mtengenezaji anaifikiria mashine: hewa ipite, joto litoke. NEC inamfikiria mtu aliyepiga magoti mbele ya kifuniko kilicho wazi, kipimo mkononi, umeme ukiwa bado unapita. Vipimo hivyo ni viwili tofauti, na vyote lazima vitimizwe.

Ikiwa volti kati ya waya na ardhi hazizidi 150, kina kinachotakiwa mbele ya kifaa ni futi 3. Nyumba nyingi za Marekani zimo humo, maana volti 240 za kiyoyozi hutoka kwenye nyaya mbili, kila mmoja ukiwa na volti 120 hadi ardhini. Kwenye jengo kubwa lenye volti 480 za fezi tatu, kila waya una volti 277 hadi ardhini. Hapo swali ni moja: mgongoni mwa fundi kuna nini? Kukiwa na ukuta usiopitisha umeme, futi 3 zinatosha. Ukiwa wa zege, matofali au vigae, kanuni inauhesabu kama kitu kilichounganishwa na ardhi, na kina kinakuwa futi 3 na nusu. Kukiwa na sehemu nyingine za umeme zilizo wazi, ni futi 4. Mkono ukigusa waya huku mgongo umeegemea zege, umeme unapita kifuani. Ndiyo maana hiyo nusu futi si ya kubembelezana.

Upana ni inchi 30 au upana wa kifaa, wowote ulio mkubwa, na mlango ufunguke nyuzi 90. Si lazima kifaa kikae katikati ya upana huo, jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hawalijui.

Dhana: Fundi atazima umeme kwanza, kwa hiyo kifungu hakihusiki.

Ukweli: Kanuni inauliza kama kifaa kina uwezekano wa kukaguliwa, kurekebishwa au kuhudumiwa kikiwa na umeme. Kontakta (swichi ya sumaku inayoiwasha mashine) isiyovuta huwezi kuujua ubaya wake bila kupima volti, na volti hazipimwi kwenye mashine iliyozimwa. Hata kuzima kwenyewe kunathibitishwa kwa kipimo, na mpaka hapo waya unahesabiwa kuwa hai. Nikubali tu kwamba NEC haikuorodhesha vifaa kimoja kimoja, hivyo mkaguzi ndiye mwenye neno la mwisho.

Dhana: Mashine ikiwa juu ya dari, masharti hayafiki huko.

Ukweli: Yanafika, ila yamelegezwa. Tundu la kupitia kwenye dari ya vigae vya kuinuliwa lisipungue inchi 22 kwa 22; kwenye uwazi wa chini ya sakafu, inchi 22 kwa 30. Kilicholegezwa ni kimo cha nafasi ya kufanyia kazi. Kina na upana vinabaki.

Dhana: Swichi ya kukatia umeme ikionekana tu, imetosha.

Ukweli: Ionekane kutoka kwenye kiyoyozi, isizidi futi 50, na ifikike kwa urahisi. Swichi iliyo ukutani nyuma ya mashine, ambayo fundi anaifikia kwa kulala kifudifudi juu ya feni, inaonekana vizuri sana na bado ni kosa. Inaruhusiwa kufungwa kwenye mashine yenyewe, lakini si juu ya kifuniko kinachofunguliwa wakati wa matengenezo.

Dhana: Nafasi hiyo ikiwa tupu, si vibaya kuweka vitu kwa muda.

Ukweli: Ni marufuku kuifanya stoo, na kanuni haina msamaha wa "kwa muda". Kwa maoni yangu, sharti hili huvunjwa zaidi na mwenye nyumba kuliko fundi: mkaguzi akishaondoka, yanaanza kuingia maboksi.