Dhana Potofu Kuhusu Umoja wa Chama na Ujasiri Seneti ya Marekani Inapowapigia Kura Wateule wa Rais

Dhana: Seneta anayemkataa mteule wa Rais wa chama chake ni msaliti.

Ukweli: Ibara ya 2 ya Katiba ya Marekani inamtaka Rais ateue maofisa wakuu kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, na katika sharti hilo hakuna chama kilichotajwa. Mwaka 1959 Rais Dwight Eisenhower wa Republican alimteua Lewis Strauss kuwa Waziri wa Biashara, na Seneti ikamkataa kwa kura 49 dhidi ya 46. Miongoni mwa waliomkataa walikuwamo wawili wa chama cha Rais mwenyewe, Margaret Chase Smith wa Maine na William Langer wa North Dakota. Lau wawili hao wangaliungana na wenzao, Strauss angalipita kwa kura 48 dhidi ya 47. Smith hakuhama chama wala hakufukuzwa. Alichaguliwa tena kwa tiketi ya Republican mwaka 1960 na 1966, na mwaka 1964 aliomba chama hichohicho kimteue kugombea urais.

Dhana: Wengi wape, hivyo mwenye shaka akiwa peke yake hana la kufanya.

Ukweli: Kwa muda mrefu zilihitajika kura 60 ili kufunga mjadala juu ya mteule aliyepingwa, na kwa hiyo mara nyingi Rais alilazimika kutafuta uungwaji mkono wa wapinzani. Novemba 2013 maseneta wa Democratic walilegeza sharti hilo kwa wateule wote isipokuwa wa Mahakama ya Juu, na Aprili 2017 wenzao wa Republican wakaliondoa hata kwa majaji hao. Tangu hapo, chama cha Rais kikiwa na wingi wa viti, wapinzani hawawezi kumzuia mteule kwa nguvu zao pekee; lango linalindwa na watu wa chama cha Rais, au halilindwi kabisa. Februari 2017 Lisa Murkowski na Susan Collins, maseneta wa Republican, walimkataa Betsy DeVos, aliyeteuliwa na Rais Donald Trump wa chama chao kuwa Waziri wa Elimu, kura zikawa 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Mike Pence akapiga kura ya uamuzi, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika kumwidhinisha waziri. Januari 2025 Murkowski na Collins pamoja na mwenzao wa Republican, Mitch McConnell, walimkataa Pete Hegseth, aliyeteuliwa kuongoza Wizara ya Ulinzi, na safari hii aliyeamua alikuwa Makamu wa Rais J. D. Vance. Mara zote mbili seneta mmoja zaidi wa Republican angetosha kumwangusha mteule. Ndiyo maana nashikilia kwamba umoja wa chama hauwezi kuwa kisingizio cha mtu kuikwepa kura yake.

Dhana: Ujasiri ni kwenda kinyume na chama.

Ukweli: Si lazima, na mfano wa Oktoba 2018 unanigusa kuliko yote. Joe Manchin wa West Virginia ndiye pekee wa Democratic aliyemuunga mkono Brett Kavanaugh, mteule wa Trump kwa Mahakama ya Juu, aliyeidhinishwa kwa kura 50 dhidi ya 48. Mwezi mmoja baadaye Manchin alikuwa anakabili uchaguzi katika jimbo ambalo Donald Trump alikuwa amelishinda kwa kishindo, kwa hiyo kura ile iliwapendeza wapiga kura wake wengi. Heidi Heitkamp wa North Dakota, aliyekuwa katika hali kama hiyo, alibaki na chama chake na kumkataa Kavanaugh. Novemba alipoteza kiti. Aliyevuka mstari wa chama alibaki salama, na aliyeufuata ndiye aliyelipa.

Dhana: Kwa kuwa wateule huangushwa kwa nadra, kazi ya Seneti ni kugonga mhuri tu.

Ukweli: Waziri mteule wa mwisho kukataliwa kwa kura ni John Tower, mwaka 1989, lakini wengi huanguka kabla majina yao hayajafika ukumbini. Harriet Miers, aliyeteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, aliondoa jina lake Oktoba 2005 baada ya wahafidhina wa upande wa Rais George W. Bush mwenyewe kumpinga. Matt Gaetz, aliyetangazwa na Trump kuwa Mwanasheria Mkuu mtarajiwa tarehe 13 Novemba 2024, alijitoa siku 8 baadaye, bila seneta yeyote kupiga kura.