Eti shoga kwenye timu anavunja umoja? Si kweli

Kuna hii stori inarudiwa sana, kwamba mchezaji akijitangaza kuwa ni shoga basi timu imeharibika, wenzake watashindwa kubadilisha nguo nae chumba kimoja na matokeo yatashuka. Jamani tuangalie yaliyotokea kweli.

Robbie Rogers, mchezaji soka wa Marekani, alijitangaza Februari 2013 na palepale akaacha mpira, aliamini hatakubalika, ila miezi mitatu baadae akarudi na kusaini timu ya LA Galaxy, na 2014 wakabeba ubingwa wa MLS, ligi kuu ya soka kule Marekani, yeye akiwa beki wa kushoto. Wenzake walivaa na kuvua jezi nae msimu mzima na kombe likaja! Kwa wanawake ndo usiseme kabisa, Megan Rapinoe wa timu ya taifa ya Marekani alishajitangaza tangu 2012, na Kombe la Dunia la wanawake 2019 Marekani wakabeba yeye akiwa mchezaji bora wa mashindano.

Kinachoumiza timu ni mtu kuishi kwa kujificha, kila siku anapima maneno, anakwepa stori za wenzake, anaogopa simu yake isije ikaonekana, sasa huyo akili yake itakuwa kwenye mechi saa ngapi?

Na matusi ya jukwaani ndo yanawafunga wengi midomo. Mchezaji soka Justin Fashanu alijitangaza Uingereza 1990 akiwa bado anacheza, na mwanaume mwingine wa soka la kulipwa kule kuthubutu hivyo ni Jake Daniels wa Blackpool, 2022. Miaka 32! Usiniambie katikati hapo hawakuwepo, walikuwepo ila waliogopa.