Bayotini ya mayai elfu moja

Mama mmoja alitoa mkobani chupa ya vidonge vya "nywele, ngozi na kucha" akaiweka mezani kwangu, kliniki ya lishe. Nywele zilikuwa zinamkatika tangu ajifungue, na muuzaji alimwambia amepungukiwa vitamini C na bayotini. Tukaisoma lebo pamoja. Bayotini: mikrogramu 10,000. Mtu mzima anatosheka na mikrogramu 30 hivi kwa siku, anayenyonyesha 35. Yai zima lililopikwa lina kama 10. Kila asubuhi, basi, alikuwa anameza bayotini ya mayai 1,000.

Vitamini hizi huuzwa pamoja kama mapacha, kumbe moja huweza kukuponyoka ukiwa jikoni kwako na nyingine ni nadra mno kukupungukia.

Inayoponyoka ni C. Mbuzi hujitengenezea mwilini mwake. Sisi hatuwezi, lazima tuile. Mwili huihitaji ili kutengeneza kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, fizi na kuta za mishipa ya damu, na inayoziba kidonda. Ukiikosa kwa muda wa miezi michache, fizi huvimba na kutoka damu, na makovu ya zamani huweza kufumuka. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye.

Pwani yetu iliuona mapema. Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilifika Mombasa zikiwa na wagonjwa, na mfalme wa mji akawapelekea kondoo, miwa, machungwa na malimau. Mwandishi wa safari ile anasema wagonjwa wote walipona, akasifu hewa nzuri ya Mombasa. Hewa! Walipovuka tena kutoka India, karibu miezi mitatu baharini, walikufa watu 30. Januari 1499 wakatia nanga Malindi, na safari hii walituma mtu nchi kavu kutafuta machungwa. Hadi 1747 ndipo daktari wa meli kutoka Uskoti, James Lind, alipowagawa mabaharia 12 wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliokula machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka.

Sisi machungwa tunayo. Shida yetu iko kwenye sufuria. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto, na mchicha wetu mara nyingi hukatwa kwanza, ukaoshwa ukiwa umeshakatwa, ukachemshwa hadi ulegee, kisha maji yakamwagwa. Kilichomwagwa ndicho ulichokilipia sokoni. Osha majani yakiwa mazima, kata, tia maji kidogo, funika, epua baada ya dakika chache. Kisamvu ni habari nyingine: kitwange na kukichemsha vizuri, maana kina sumu isiyotaka haraka, na vitamini C uitafute kwenye tunda.

Tunda gani? Watu hudhani uchachu ndio kipimo. Ukwaju unakukunja uso lakini vitamini C yake ni kidogo sana, ilhali gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, karibu mara nne ya chungwa. Mwanamke anahitaji miligramu 75 kwa siku, mwanamume 90, anayenyonyesha 120. Pera moja la wastani limemaliza kazi. Unga wa ubuyu nao ni tajiri, ule mweupe mkavu. Wa kupikwa kwa sukari na rangi nyekundu mimi nauhesabu kama peremende.

Kazi ya vitamini C ninayoipenda zaidi ni kusaidia madini ya chuma ya maharage na mboga za majani kuingia mwilini. Kachumbari yenye limau pembeni ya maharage si pambo. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo isubiri kama saa moja baada ya chakula. Mafua hayazuiwi na vidonge vya C. Kwa anayevitumia kila siku huenda yakaisha mapema kidogo tu. Ukizidisha miligramu 2,000 kwa siku, tarajia kuharisha, na kwa wengine mawe kwenye figo.

Bayotini huviwezesha vimeng'enya vitano, protini zinazoendesha kazi za kikemikali mwilini, kushughulikia mafuta, sukari na protini. Imo kwenye maini, mayai, karanga, viazi vitamu. Hupungua kwa watu wachache: wenye kasoro fulani za kurithi, baadhi ya wanaotumia dawa za kifafa kwa muda mrefu, na wanaobugia mayai mabichi kila siku kwa miezi mingi wakitafuta misuli. Ute mbichi una protini iitwayo avidini inayoing'ang'ania bayotini isifyonzwe. Kaanga yai lako, mambo yameisha. Kwamba bayotini huotesha nywele za mtu asiyepungukiwa, ushahidi wake ni hafifu.

Hatari yake iko maabara. Baadhi ya mashine hutumia bayotini katika upimaji, na ikijaa kwenye damu huvuruga majibu. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hilo, likiwemo jibu la kipimo cha moyo kuonekana chini kuliko hali halisi. Mwambie daktari na wa maabara kwamba unatumia vidonge vya bayotini. Mara nyingi utaambiwa uviache siku kadhaa kabla ya kupimwa.

Mama yule alikuja pia na karatasi ya majibu iliyoonyesha tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi. Aliacha vidonge, akapimwa upya, tezi ikawa salama. Kilichokuwa chini ni wekundu wa damu. Akaandikiwa vidonge vya madini ya chuma, asivishushie na chai, na nikamweleza kwamba nywele kukatika baada ya kujifungua kwa kawaida hukoma zenyewe ndani ya mwaka. Chupa yake aliisahau mezani, au aliiacha tu.